Kitufe cha Kompyuta: Kuzima au Kulaza?

Katika kompyuta nyingi za Linux, kitufe cha kuwashia kikibonyezwa kidogo hakikati umeme. Hupeleka ishara, na programu ya systemd-logind huamua la kufanya. Msimamizi wa kompyuta hufungua faili /etc/systemd/logind.conf na kuandika HandlePowerKey=poweroff ili izimike, au HandlePowerKey=hibernate ili yaliyomo katika kumbukumbu yaandikwe kwanza diskini. Kisha huiwasha upya. Kulaza huhitaji swapu ya kutosha diskini. Palipo na GNOME, mpangilio wake hutangulia.

Tahadhari: kitufe kikishikiliwa sekunde kadhaa, umeme hukatwa ghafla, na kazi ambayo haijahifadhiwa hupotea.

Zoezi: Kwa nini kompyuta iliyokwisha kulazwa haipotezi kazi hata umeme ukikatika?