Makasha ya Kale: Namna ya Kuyatambua, Kuyatumia na Kuyatunza

Katika nyumba nyingi za Mwambao wa Kenya, tangu Lamu hadi Vanga, limo kasha la mti lililopambwa kwa misumari ya shaba. Mara nyingi kasha hilo limesukumwa pembeni na kulimbikiwa magodoro na magunia, wala vijana wa nyumba hawajui lililetwa na nani. Siku moja mchuuzi hubisha hodi, hutoa fedha chache na kuondoka nalo, kisha huliuza mjini kwa bei kubwa. Hivyo nyumba hupotewa na kitu ambacho haitakipata tena. Somo hili laeleza asili ya makasha hayo, na jinsi mtu wa kawaida awezavyo kuyatumia na kuyahifadhi.

ASILI YAKE

Watu wengi huyaita makasha ya Lamu, ya Zanzibar au ya Kiarabu. Kwa kweli mengi yalitengenezwa na mafundi wa Bara Hindi, katika bandari za Surat na Bombay na katika pwani ya Malabar, kwa mbao ngumu za msaji au sesemi. Upepo wa kaskazi, uvumao kama tangu Desemba hadi Machi, uliyaleta majahazi kutoka Bara Hindi, Arabuni na Ghuba. Kusi ilipoanza kuvuma, majahazi yalirudi yakiwa na shehena ya boriti za mikoko, pembe za ndovu na bidhaa nyingine. Nahodha aliweka katika kasha lake fedha, nguo na hati za shehena.

Huko mijini, kasha lilikuwa ndilo kabati na hazina ya nyumba. Humo ziliwekwa nguo za arusi zilizofukizwa udi, vyombo vya fedha, vito, barua na hati za mashamba. Ndani, upande mmoja, huwa pana kisanduku chembamba chenye kifuniko chake; na katika makasha mengine, chini ya kisanduku hicho imefichwa droo ya siri. Mwenye kasha hana budi kupachunguza mahali hapo kabla ya kulitoa nyumbani mwake, kwa maana huenda hati ya babu yake ingali imo.

Bibi Sheila Unwin, Mwingereza aliyepata kuishi Afrika Mashariki na kuyachunguza makasha haya kwa miaka mingi, alichapisha kitabu kizima juu yake katika mwaka 2006. Wala si makasha makubwa tu yanayostahili heshima. Vijaluba vya tambuu na vibweta vya vito navyo ni kazi ya mikono ya ustadi.

JINSI YA KUYATAMBUA

Makasha mapya yangali yakitengenezwa Lamu na Zanzibar, na mengine ni mazuri sana. Si aibu kununua jipya. Hasara ni kuuziwa jipya kwa bei ya la kale. Mnunuzi na aangalie mambo manne.

Kwanza, misumari. Ya zamani iligongwa mmoja mmoja kwa mkono, kwa hiyo mistari yake hainyooki sawasawa. Shaba inayong'aa sawa kila mahali yatia shaka.

Pili, uchakavu. Kasha la kale huchakaa pale paguswapo: ukingo wa kifuniko, pete, mahali pa kufuli, na miguu. Lililochakaa sawa pande zote huenda limechakazwa kwa makusudi.

Tatu, mti wenyewe. Mbao za zamani hunywea kwa miaka mingi, zikaacha nyufa nyembamba. Kasha likifunguliwa na kutoa harufu kali ya vanishi au ya mbao mbichi, mnunuzi na aulize zaidi.

Nne, matengenezo. Bawaba au miguu iliyobadilishwa si kosa, lakini muuzaji mwaminifu huisema, naye hueleza pia alikolipata kasha lenyewe.

JINSI YA KUYATUMIA

Kasha lililo zima lafaa kutumiwa, kwa sababu kitu kinachofunguliwa mara kwa mara hakiliwi na wadudu kwa siri. Nguo na zifuliwe, zikaushwe vizuri na kuwekwa bila wanga, maana wanga huwavuta wadudu. Chini yake hutandikwa kitambaa cheupe cha pamba. Vyeti na hati za mashamba zisiguse mti; na zitiwe kwanza katika bahasha.

Kuna hatari moja isiyosahauliwa. Kifuniko cha kasha ni kizito, na mtoto akiingia ndani kwa mchezo chaweza kumfungia akakosa pumzi. Nyumba yenye watoto na iweke kasha likiwa limefungwa kwa kufuli, na ufunguo uwe mbali nao. Wakati wa kulifungua, kifuniko kiegemezwe imara kisije kikaanguka mikononi.

JINSI YA KUYATUNZA

Kasha huinuliwa juu ya vipande vya mbao, likatengwa kidogo na ukuta, mbali na jua kali na unyevu. Kila mwezi hutazamwa chini na nyuma. Udongo wa mchwa ukionekana, au unga mwembamba ukidondoka kutoka katika vitundu vidogo, kasha hilo litengwe na vyombo vingine, akaulizwe fundi mwenye ujuzi. Kulimwagia mafuta ya taa huacha madoa na kuleta hatari ya moto.

Wengi husugua shaba kwa ndimu, ukwaju, jivu au mchanga. Uchachu huila shaba na kutia doa katika mti, mchanga huikwaruza. Kila ing'arishwapo hupungua kidogo, hata nakshi zikafutika. Kitambaa laini kikavu chatosha, na mara moja kwa mwaka mti hupakwa nta ya nyuki kidogo sana. Msasa, rangi na vanishi mpya huondoa katika siku moja sura iliyojengwa na miaka mia.

SHERIA

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya mwaka 2006 yahesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote cha kuchukulika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakiruhusiwi kutolewa nje ya nchi pasipo kibali cha Serikali. Basi anayefikiri kuuza yafaa aulize kwanza katika Makumbusho ya Lamu au ya Fort Jesus, Mombasa, ajue ni kitu gani alicho nacho.

Hatimaye, kila nyumba yenye kasha na iwaulize wazee wake wangali hai: nani alilinunua, lilitoka bandari gani, na nani aliozwa nalo. Maneno hayo yaandikwe katika karatasi, itiwe ndani ya bahasha na kuwekwa humo kashani. Mjukuu atakayelifungua atajua kwa nini halikuuzwa.