Kazi za Nyumbani na Upungufu wa Umakini kwa Mtu Mzima
Mama wa Tabora huinjika maharage, hutoka kuteka maji, huona nguo hazijaanuliwa, maharage yakaungua. Mama mkwe humwita mvivu. Huenda ni upungufu wa umakini, hali ianzayo utotoni na ambayo kwa wengi hudumu ukubwani: kumbukumbu ya muda mfupi hulemewa, na muda hukadiriwa vibaya. Wapagazi wa Kinyamwezi walioelekea Bagamoyo waliondoka kwa mlio wa ngoma au baragumu. Naye ategeshe kengele ya simu kabla ya kutoka jikoni. Kufua, kazi ndefu ichoshayo, akufanye mwenzake akiwa karibu. Makaripio hayatibu. Ikiwa usahaulifu umeanza ukubwani, daktari achunguze kwanza sonona, usingizi na tezi ya shingo.