Muhogo mchungu: kwa nini hulowekwa siku tatu

Majani makavu yakitupwa motoni huwaka mara moja. Shoka likiachwa kwenye umande hupata kutu polepole, siku baada ya siku. Katika mambo hayo mawili kitu kimegeuka kuwa kitu kingine: majani yamekuwa moshi na majivu, chuma kimekuwa kutu. Wenye elimu huliita hilo badiliko la kikemia. Lakini moja lina haraka, na jingine linakawia. Sababu ni nini? Muhogo mchungu hulifundisha jambo hilo vizuri.

Ndani ya muhogo huo mna kitu kiitwacho linamarina. Ni sukari iliyofungamana na sumu. Karibu yake mna kitu kingine, kichocheo, chenye kukata kifungo hicho. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivyo hukaa mbalimbali kama watu katika vyumba viwili. Ukuta ukivunjika hukutana. Ndipo sumu hufunguliwa, ikatoka katika maji au ikaruka hewani.

Mambo matatu huliharakisha badiliko hilo.

1. Udogo wa vipande. Mzizi uliomenywa na kukatwa huingiwa na maji upesi kuliko mzizi mzima. Ndiyo sababu sombe hutwangwa kinuni: kila pigo la mchi huvunja kuta nyingi.

2. Joto. Unga wa muhogo ukilowanishwa na kutandazwa mwembamba, sumu iliyobaki hutoka kwa saa 2 juani, lakini kivulini hutaka saa 5.

3. Kichocheo. Bila hicho, kazi husimama. Joto likizidi hukiharibu. Kwa hiyo muhogo mchungu ukitiwa moja kwa moja katika maji yanayochemka, sumu nyingi hubaki imefungwa ndani.

Hata hivyo, kila badiliko lina muda wake. Mizizi huachwa majini siku 3, hata ikawa laini. Mahali penye baridi hukawia zaidi.

Asiyengoja huadhibiwa vikali. Mwaka 1938 Daktari Trolli aliandika habari za ugonjwa wa konzo katika nchi ya Kwango, kusini-magharibi ya Kongo. Mtu mwenye afya huamka miguu imekakamaa, naye hatembei tena sawasawa maisha yake yote. Huwapata hasa watoto na akina mama, wale wanaokula muhogo mchungu usiotengenezwa vema, pasipo samaki, nyama wala maharagwe ya kutosha. Baadaye, barabara nzuri ilipofika, watu wengi wa jimbo la Bandundu walitaka kuuza muhogo upesi mjini. Wakapunguza siku za kuloweka, na konzo ikaongezeka.

Tangu mwaka 2010, akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, huko huko Kwango, walifundishwa kulowanisha unga na kuutandaza kabla ya kupika bukari. Walipoifuata kazi hiyo, wagonjwa wapya hawakuonekana.

Haraka haraka haina baraka. Mwenye akili hukata vipande vidogo, hutafuta jua, kisha hungoja.

Maswali
1. Kwa nini sombe hutwangwa kabla ya kupikwa?
2. Unga uliolowanishwa hutaka saa ngapi juani? Na kivulini?
3. Kwa nini kuchemsha tu muhogo mchungu hakutoshi?
4. Nyumbani kwenu muhogo hulowekwa siku ngapi?