Kupanga Mwendo wa Kamera Katika Picha Mnato

Familia ina picha moja tu ya nyanya yao, ameketi mbele ya nyumba, migomba nyuma yake. Wanataka ionekane ikisogea katika video ya mazishi. Kijana mwenye simu anaweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Anaweza pia kumpinda nyanya uso mbele ya waombolezaji. Tofauti huletwa na jinsi alivyopanga mwendo wa kamera.

Programu kama Immersity AI, iliyoitwa LeiaPix hapo awali, hufanya kazi kwa kukisia umbali. Hutengeneza picha ya pili ya kijivu, yaani ramani ya kina: kilicho karibu huwa cheupe, cha mbali huwa cheusi. Kisha programu hujifanya kamera inasogea, na vitu vya karibu vikahama zaidi ya vile vya mbali. Ni kama ukiwa ndani ya matatu kwenye barabara kuu ya Thika: nguzo za kando hupita mbio, ilhali Kilimambogo huonekana kama umesimama palepale.

Sasa, kamera ikisogea kando, ukuta uliofichwa na bega la nyanya unapaswa kuonekana. Lakini ukuta huo haumo katika picha, kwa hivyo programu huubuni. Kadiri mwendo unavyokuwa mkubwa, ndivyo inavyobuni zaidi.

Kwa hivyo anza na kiasi cha mwendo. Kishushe hadi karibu na sifuri, kisha ukipandishe kidogo kidogo huku ukitazama masikio, vidole na kingo za kitambaa cha kichwa. Hapo ndipo kasoro hujitokeza kwanza. Nywele na miwani pia hukisiwa vibaya mara nyingi. Ukiona ukingo unavutika kama mpira, rudi nyuma.

Kisha weka kitovu cha mwendo usoni. Kilicho katika umbali huo hutulia, vya mbele vikienda upande mmoja na vya nyuma upande mwingine. Wengi hukiacha pale programu ilipokiweka, uso ukayumba kama wa mlevi, na kwa picha ya marehemu hiyo ni aibu.

Kuhusu mwelekeo, uso hupendeza kamera ikisogea mbele polepole. Mandhari hustahimili mwendo wa kando. Jaribu picha ya Fourteen Falls yenye miamba mbele, maji katikati na miti nyuma: kina kitaonekana vizuri, ingawa maji yenyewe hayatatiririka, kwa kuwa kinachosogea ni kamera tu. Sekunde 4 zinatosha. Kwa picha 30 kila sekunde, hizo tayari ni picha 120. Ukitaka video ijirudie, chagua mwendo unaorudi ulikoanzia, la sivyo itaruka.

Wanaotafuta ploti Ruiru nao wana la kuangalia hapa. Video ya ploti inayoteleza vizuri huenda imetokana na picha moja tu. Ramani ya kina ni makisio, si vipimo vya mita, na mwendo mkubwa unaweza kuifanya ploti ndogo ionekane pana. Kilicho nyuma ya ua huenda kimebuniwa na programu. Fika mwenyewe ukaione, na uthibitishe hati katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa chochote.

Kwa anayefanya kazi hii kwa malipo, picha ya mtu aliye hai ni data yake ya kibinafsi chini ya Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Nyingi za programu hizi hutuma picha kwa intaneti ili ishughulikiwe kwingine, kwa hivyo omba ruhusa ya mwenyewe kabla ya kuipakia. Picha ya karatasi ipige upya ikiwa imelala mezani, karibu na dirisha na bila kumulika flashi, kisha umrudishie mteja siku hiyo hiyo.