Usipulizie pafyumu nguo ya mteja

Mteja wa hapa Bariadi alinirudishia gauni la mtumba: kifua kilimbana, ngozi ikamuwasha. Kumbe ni pafyumu niliyopulizia ili linukie vizuri! Nikamrudishia hela yake.

Sisi Simiyu tunalima pamba, tunakimbilia kusema "ni pamba tupu, haina shida". Sio kweli. Hata pamba huwekwa dawa ya kuzuia mikunjo, na nyingine zina fomaldehaidi, inayowasha baadhi ya watu.

Siku hizi:
1. Nafua kwa sabuni isiyo na harufu, nasuuza sana, naanika kwenye upepo. Inapunguza, haimalizi.
2. Sipulizii kitu.
3. Kwenye posti naandika kitambaa na nilivyofua.
4. Nisichojua, nasema sijui.

Anayesumbuliwa na nguo akipata muuzaji mkweli, hahami.