SOMO: NDEGE ALIYEFICHIKA

Somo letu ni juu ya kiumbe kidogo ambacho wengi wetu hatujakiona, ingawa ni jirani yetu.

1. Ni ndege gani?
Sisi wa Uvira tukiinua macho upande wa magharibi tunaona milima, na nyuma yake uko msitu wa Itombwe. Humo anaishi ndege mdogo mla mbegu, urefu wake karibu sentimita 13. Dume ana kichwa chekundu, mgongo mwekundu na mabawa meusi. Mwaka 1902 wataalamu walimwita Cryptospiza shelleyi. Neno la kwanza limetoka katika Kigiriki, maana yake ni ndege mdogo aliyefichika. Anapatikana katika milima ya nchi nne tu: Kongo, Rwanda, Burundi na Uganda.

2. Anaishi namna gani?
Hukaa chini, katika vichaka vizito vya mabonde yenye unyevu. Kichaka kikifyekwa, hahamii shambani kama shomoro. Hupotea kimya kimya, wala hakuna anayemlilia.

3. Yatuhusu nini?
Majani na mizizi inayomficha ndege ndiyo inayoshika mvua, ili maji yashuke polepole. Kilima kikiwa kitupu, maji hushuka kwa nguvu pamoja na udongo na mawe. Tunakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika hapa mjini. Watu zaidi ya 30 walikufa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Mvua ilikuwa kubwa kweli, lakini vilima vilivyokatwa miti viliongeza msiba.

Mwaka 2006 serikali ilitangaza Itombwe kuwa hifadhi. Hata hivyo, karatasi haizuii shoka. Wala tusimlaumu ndugu wa mlimani peke yake: yeye anatafuta chakula cha watoto, na makala anayochoma ndiyo tunayopikia sisi huku chini.

4. Tufanye nini?
Tuache vichaka vya kando ya vijito bila kuvifyeka. Tupande miti pale tulipokata. Tutumie mbabula inayokula makala kidogo.

Tujiulize nyumbani:
– Makala ya jikoni kwetu yanatoka kilima gani?
– Ni kijito gani karibu nasi kilichobaki bila kivuli?
– Nani kati yetu ataanza kupanda, kabla ya mvua kuja?