Kuwasha Gari kwa Rimoti: Hadhari za Kuilinda Injini

Miongoni mwa magari yaliyokwishatumika ambayo huingizwa Visiwani kutoka Japani, yamo yanayokuja na rimoti ya ziada, mbali na ile ya kufungia milango. Rimoti hiyo huwasha injini hali ya kuwa mwenye gari yumo ndani ya nyumba yake. Maandishi yake aghalabu ni ya Kijapani, na mnunuzi hujifunza kuitumia kwa kubonyeza tu. Kwa sababu hiyo, ukurasa huu umeona inafaa kuwaeleza watumishi na wananchi jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi, madhara yanayoweza kuifika injini, na hadhari zinazopaswa kuchukuliwa.

MKASA NA FUNZO LAKE

Jirani mmoja wa mwandishi alinunua gari la namna hiyo kwa akiba ya miaka mingi. Alasiri moja alibadilishiwa oili, na nati ya kumwagia oili iliyo chini ya injini haikukazwa sawasawa. Usiku kucha oili ilivuja mchangani. Asubuhi, akiwa bado anakunywa chai ghorofani, aliliwasha gari kwa rimoti ili alikute limekwishapoa ndani. Taa nyekundu ya oili iliwaka, lakini hapakuwa na mtu wa kuiona. Alipoteremka aliikuta injini imezimika na kukamata. Beringi zilikuwa zimekwisha na krenki imeharibika. Gari lilikaa uani mwaka mzima akitafuta fedha za injini nyingine, na watoto wake walirudi kwenda skuli kwa miguu.

Funzo la mkasa huo ni kwamba rimoti huwasha injini, bali haina macho. Mwenye kuitumia hana budi kutangulia kutazama yale ambayo angeyaona lau angekuwa amekaa kwenye usukani.

ASILI YA CHOMBO HIKI

Viwashio vya rimoti vilienea zaidi katika nchi za baridi kali, kama vile Kanada, majimbo ya kaskazini ya Marekani, na kisiwa cha Hokkaido kilichoko kaskazini ya Japani. Katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Watu wa huko huwasha gari wakiwa ndani ili theluji iyayuke kwenye vioo na viti vipate joto.

Katika baridi kama hiyo oili huwa nzito na huchelewa kufika sehemu za juu za injini. Katika sekunde hizo za mwanzo vyuma husuguana bila ya utando wa kutosha wa oili baina yao. Ndiyo maana wenyeji hutumia oili iliyotengenezwa kwa baridi, mathalani 0W-20 au 5W-30, ambapo herufi W ni alama ya majira ya baridi. Wengi wao pia huunganisha injini na hita ya umeme usiku, ili asubuhi isiwake ikiwa imeganda kwa baridi.

DHANA ISIYO SAHIHI

Wapo wanaodhani kwamba kadiri injini inavyonguruma gari likiwa limesimama, ndivyo inavyohifadhika. Dhana hiyo ilikuwa na msingi katika zama za kabureta. Magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1990 hupuliziwa petroli kwa mfumo wa elektroniki, na katika hali ya hewa ya kawaida hutosha kusubiri nusu dakika hivi, kisha kuliendesha gari taratibu.

Kungurumisha injini kwa muda mrefu ikiwa baridi kuna madhara yake. Wakati huo mfumo huongeza petroli. Ile isiyoungua huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda, kisha huteremka na kuchanganyika na oili, ikaipunguzia nguvu. Mvuke wa maji nao hubakia ndani kwa kuwa joto la kuukausha halikufikiwa, na masizi hukusanyika kwenye plagi. Gari likiendeshwa taratibu, injini hupata joto upesi zaidi kuliko likisimama.

HALI YA VISIWANI

Hapa kwetu, hata wakati wa kipupwe, ni nadra joto la asubuhi kushuka chini ya nyuzi 20. Kwa hiyo haja ya kuipasha injini moto kwa rimoti karibu haipo. Wenye magari huitumia zaidi ili eyakondisheni ipooze viti kabla hawajapanda, na hatari iliyo kubwa kwetu ni injini kuchemka bila ya mtu kuijua.

Gari lililosimama halipati upepo wa mwendo. Hutegemea feni na maji ya rejeta peke yake, na eyakondisheni huizidishia injini mzigo. Ikiwa feni imekufa au maji yamepungua, joto hupanda hadi kichwa cha injini kupinda na gasketi kuungua. Kadhalika, rejeta inayotiwa maji matupu badala ya maji yenye dawa ya kuzuia kutu huliwa kwa ndani mwaka hadi mwaka, mpaka ikaziba au ikatoboka.

HADHARI ZA KUCHUKULIWA

1. Pima oili kwa kijiti chake na tazama maji ya rejeta angalau mara moja kwa wiki, injini ikiwa imepoa. Kila asubuhi tazama chini ya gari kama kuna matone.

2. Baada ya gari kufanyiwa matengenezo yoyote, siku ya kwanza liwashe kwa ufunguo ukiwa ndani, na hakikisha taa ya oili inazimika.

3. Tumia oili ya daraja lililotajwa katika kitabu cha gari, na ibadilishe kwa wakati. Mwenye kungurumisha gari sana asihesabu kilomita pekee.

4. Usizidishe dakika mbili au tatu. Viwashio vingi hupangwa kuzima injini baada ya dakika 10, 15 au 20. Mtake fundi apunguze muda huo.

5. Ukisha kupanda, usikanyage mafuta kwa nguvu. Endesha taratibu kwa kilomita chache za mwanzo.

6. Gari la gia za mkono lisiwashwe kwa rimoti. Likiachwa ndani ya gia, stata hulisukuma mbele, na huenda mtoto akawa amesimama hapo. Gari la otomatiki nalo liachwe kwenye P, handibreki imevutwa.

7. Kiwashio kifungwe na fundi wa umeme wa magari mwenye ujuzi, pamoja na swichi inayozuia injini kuwaka boneti ikiwa wazi. Viwashio vya kiwandani aghalabu huzima injini vikigundua hitilafu. Vingi vinavyofungwa baadaye havina ulinzi huo.

8. Usiliwashe kamwe gari lililomo ndani ya banda lililofungwa au lililoegeshwa chini ya dirisha la chumba cha kulala. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

KWA WATUMISHI WA SERIKALI

Injini inayotumia lita 1 ya mafuta kwa saa ikiwa imesimama, ikingurumishwa dakika 10 kila asubuhi kwa siku 22 za kazi, huunguza zaidi ya lita tatu na nusu kwa mwezi, na gari halijatoka uani. Mafuta hayo ni mali ya umma, na injini yenyewe ni mali kubwa zaidi. Dereva aliyekabidhiwa gari lenye rimoti hiyo anashauriwa kulikagua kwanza, kisha kuliwasha akiwa karibu nalo.

Wananchi hawakatazwi kunufaika na chombo hiki. Wanachoombwa ni kukumbuka kwamba kitufe hakipimi oili wala hakitazami maji. Kazi hiyo imebakia kuwa ya mwenye gari, na haichukui zaidi ya dakika tano.